Fundi Bomba wa Kawempe na Ujira Wake

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala na kuishika barabara ya Bombo hupita Wandegeya, huteremka katika bonde la Bwaise, kisha hupanda kuelekea Kawempe yenyewe, ambako njia inaendelea hadi Luwero na Gulu. Akitazama kando ya njia hiyo wakati wa asubuhi ataona madumu ya manjano yamepangwa foleni mbele ya koki. Asichokiona ni mabomba yaliyofukiwa chini ya miguu yake. Kati ya bomba lisiloonekana na dumu linaloonekana yuko mtu mmoja, naye ni fundi bomba. Habari za maji ya Kampala zimeandikwa na wahandisi, na habari za mishahara zimeandikwa na wanauchumi. Lakini fundi huyu, ambaye kazi yake yote huishia kufukiwa kwa udongo au kufunikwa kwa lipu, amepata nafasi ndogo mno katika maandishi. Makala haya yanajaribu kufuatia historia yake katika Tarafa ya Kawempe, na hasa historia ya ujira wake.

Jambo ninalotaka kulionyesha ni hili. Ujira wa fundi bomba wa Kawempe haukupimwa kamwe kwa ujuzi wake peke yake. Ulipimwa kwa mahali bomba kubwa la mji lilipokomea. Bomba lilipokuwa mbali, mtu aliyejua kulivuta alikuwa adimu na alisikilizwa. Bomba lilipozikaribia nyumba za watu wengi, fedha zilianza kuhama, zikaenda kwa mwenye koki, kwa mwenye duka la vifaa na kwa mwenye hati. Wengi hudhani kwamba maji yakienea fundi hutajirika. Historia ya Kawempe haikubaliani nao sana.

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, na tuanze na maneno, maana maneno ya kazi na malipo yalisafiri kutoka pwani hadi Buganda pamoja na watu walioyabeba. Neno bomba tumelipokea kutoka Kireno, na hapo mwanzo lilikuwa na maana ya chombo cha kuvutia maji. Baadaye likatanuka likawa mrija wenyewe, na katika vinywa vya watu wengi likawa hata koki. Zanzibar na Mombasa wengi husema mfereji kwa kitu hicho hicho, na ndiyo sababu mwanafunzi wa Kampala anayesoma kitabu kilichoandikwa pwani hushangaa kuambiwa kwamba mama alifunga mfereji kwa mkono mmoja. Kwake yeye mfereji ni ule wa Nsooba au wa Lubigi, unaofurika mvua zinapozidi na kuingia majumbani mwa watu wa Bwaise.

Fundi mwenyewe huko Kawempe huitwa pulamba, neno la Kiingereza lililovikwa kanzu ya Kiganda. Lakini kwa upande wa malipo Kiswahili ndicho kilichotangulia. Mshahara, neno lililotokana na jina la Kiarabu la mwezi, limekuwa omusaala katika Kiganda. Mpagazi, yule aliyebeba mizigo ya misafara katika karne ya 19, amezaa omupakasi, yaani mtu yeyote afanyaye kazi ya mikono kwa malipo. Kibarua kwetu kilikuwa kwanza barua ndogo, kikaratasi cha kuthibitisha kazi ya siku, kabla hakijawa jina la kazi na jina la mtu anayeifanya. Na kilemba kilikuwa zawadi ambayo mwanagenzi wa pwani alimpa fundi wake alipohitimu. Ukiyapanga maneno hayo utapata karibu aina zote za malipo ambazo fundi bomba wa Kawempe amewahi kuzionja, isipokuwa mshahara, ambao wengi wa mafundi hao wameusikia tu ukitajwa.

Pwani ndiko maji ya bomba yalikotangulia. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, jambo ambalo wenyeji waliendelea kumsifu kwalo baada ya mengine mengi kusahauliwa. Kampala ilingoja zaidi. Kituo cha kusafishia maji cha Ggaba, kando ya Ziwa Viktoria kusini ya mji, kilijengwa kati ya mwaka 1928 na 1930, na maji yakasukumwa kupanda vilimani ili yapate kuteremka yenyewe majumbani. Kilima cha Muyenga kikaja kuitwa Tank Hill kwa ajili ya matangi yaliyowekwa juu yake.

Mtu akiitazama ramani ataona mara moja shida ya Kawempe. Ziwa liko kusini, na Kawempe iko kaskazini, upande wa pili wa vilima. Lakini umbali haukuwa kizuizi pekee, wala sidhani kwamba ulikuwa kizuizi kikubwa. Katika zama za ukoloni kulikuwa na mji wa Kampala uliokuwa chini ya serikali ya Waingereza, na kandokando yake kulikuwa na maeneo ya serikali ya Kabaka, ambayo ardhi yake iligawanywa kwa utaratibu wa mailo uliotokana na Mapatano ya mwaka 1900. Bomba liliufuata mpaka huo kuliko lilivyofuata miteremko ya ardhi. Wazungu na Wahindi wa mjini walipata maji ndani ya nyumba. Waafrika wengi waliokaa ng'ambo ya mpaka waliendelea kuteka chemchemi za mabondeni, na katika vitongoji kama Bwaise na Kalerwe chemchemi hizo hazijaachwa mpaka leo.

Ujuzi wa zama hizo ulikuwa ujuzi wa chuma. Bomba la chuma lililopakwa zinki liliuzwa kwa urefu wa futi 20. Fundi alilipima, akalibana katika jiliwa, akalikata kwa msumeno wa chuma, kisha akazungusha chombo cha kukatia uzi, akitia mafuta kidogo kidogo, mpaka ncha ya bomba ikapata meno ya kuingia katika soketi. Uzi ukiwa mfupi, bomba halishiki. Ukikatwa kwa kina mno, kiungo hulegea na kuvuja. Juu ya uzi alizungusha nyuzi za katani zilizopakwa rangi, akakaza kwa spana kubwa. Kazi ya namna hii haifichi ujinga wa mtu: asiyeijua hugundulika saa ile ile maji yanapofunguliwa. Bomba moja la inchi 1 lenye viungo 12 lilimtaka mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka, na ndiyo maana aliyeijua aliweza kutaja bei yake.

Aliyeijua, hata hivyo, mara nyingi hakuwa Mwafrika. Mafundi wengi wa majengo mjini Kampala walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga wa Punjabi, baadhi yao wakiwa wa koo za mafundi ambazo watu wake walifika Afrika Mashariki katika zama za ujenzi wa reli ya Uganda, mwaka 1896 hadi 1901. Mwafrika alikuwa mtu wa kushika ncha ya pili ya bomba. Alichimba mtaro, akabeba chuma, akazungusha chombo cha uzi huku mwingine akikagua. Ujira ulifuata rangi ya mtu kabla ya kufuata kazi yake: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na pengo kati ya ngazi moja na nyingine halikuweza kuelezwa kwa ustadi wa mikono. Mwezi wa Januari 1945 wafanyakazi wa Kampala na miji mingine ya Uganda waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa ujira usiolingana na bei za vitu zilizopandishwa na vita. Mgomo ule hukumbukwa zaidi kwa siasa zake. Ingefaa ukumbukwe pia kwa hesabu zake.

Hapa pana jambo la kushangaza. Kilima cha Makerere leo kimo ndani ya Tarafa ya Kawempe, na juu ya kilima hicho, mwaka 1922, serikali ilifungua shule ya ufundi. Wanafunzi 14 wa kwanza walisomea useremala, ujenzi na umakanika. Haikuchukua miaka mingi Makerere ikageukia udaktari, ualimu na ukarani, na masomo ya mikono yakasukumwa pembeni, yakahama, na hatimaye yakatua Kyambogo, upande wa mashariki wa jiji, katika chuo kilichoitwa Kampala Technical Institute. Simlaumu aliyetaka madaktari. Lakini kijana wa Bwaise, ambaye angeweza kupanda kilima kwa miguu kila asubuhi akajifunze kukata uzi wa bomba, alibaki bondeni akajifunza kwa kutazama mkono wa mtu mwingine. Mpaka leo njia kuu ya kuingia katika kazi hii Kawempe ni ile ile: kijana huanza kuwa pota, yaani mtu wa kubeba na kuchimba, akakaa na fundi mwaka mmoja au mitatu bila mkataba, mpaka siku anapoachiwa choo kimoja akifunge peke yake.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliwachunguza watu wa Kisenyi na wa Mulago, na uchunguzi wao ukatoka katika kitabu walichokiita Townsmen in the Making. Mulago waliyoichunguza ni kitongoji cha tarafa hiyo hiyo ya Kawempe. Walikuta watu wa mjini wanaoishi kwa kupanga vyumba, kwa biashara ndogondogo na kwa vibarua, katika ardhi ambayo haikuwa ya mji wala haikuwa tena shamba. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, mwaka wa uhuru, hospitali mpya ya Mulago ilikamilika juu ya kilima. Jengo la namna ile ni msitu wa mabomba: maji baridi, maji moto, mvuke, majitaka. Katanga, bonde lililo kati ya Mulago na Makerere, lilibaki na vyoo vya shimo. Mabomba ya taasisi hizi mbili kubwa yalipita juu yake huku na huku, na huenda hakuna mahali pengine Kampala ambapo mtu anaweza kuiona historia ya maji ya mji ule kwa kugeuza shingo tu.

Mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa, na maeneo kama Mengo, Nakawa na Kawempe yakaingizwa Kampala. Kwa sheria, Kawempe ikawa mjini. Kwa bomba, ilikuwa bado. Kuwa ndani ya mpaka kulimpa mkazi haki ya kuomba maji. Kuyapata kulimtaka anunue mabomba mwenyewe kutoka kwenye njia kuu hadi kwake, avuke kibanja cha jirani kwa ruhusa na mara nyingi kwa fedha, na amtafute fundi. Nadhani huo ndio wakati ambapo fundi bomba Mwafrika wa Kawempe alianza kuwa mtu wa kutafutwa.

Kisha ukaja mwaka 1972, ambao katika historia ya kazi hii unapaswa kusomwa polepole. Katika mwaka huo mmoja mambo matatu yalitokea. Serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya kuunda Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo hapo mwanzo lilihudumia Kampala, Entebbe na Jinja tu. Serikali hiyo hiyo ilitoa amri ya mafunzo ya viwandani, iliyoweka misingi ya kuwapima mafundi na kuwapa hati za madaraja. Na mwezi wa Agosti ikawatangazia Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Walioondoka hawakuwa wafanyabiashara peke yao. Waliondoka pia mafundi, waliondoka wenye maduka ya vifaa waliojua ni kiwanda gani cha ng'ambo kinachotengeneza valvu ya namna gani, na ilikatika kamba ya mkopo ambayo kwayo fundi alichukua vifaa Jumatatu akalipa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nchi ilipata shirika la maji na utaratibu wa hati katika mwaka ule ule ilipopoteza wengi wa watu waliojua kuyafunga maji hayo.

Maduka yalipewa watu ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atakunja uso, akitaka mafuta mengi. Lakini neno hilo limekwisha kuingia katika historia kwa upatanisho wake mbovu, na mimi nisingependa kulisahihisha. Pamoja nalo lilishamiri neno jingine la kwetu, magendo. Bomba la chuma likawa bidhaa ya magendo kama sukari na sabuni. Mzee mmoja wa kazi hii aliwahi kunieleza kwamba katika miaka hiyo hakuulizwa kama anajua kazi. Aliulizwa kama anaweza kupata koki. Aliyeweza kuipata alilipwa vizuri, na mara nyingine alilipwa kwa vitu badala ya noti, kwa kuwa noti ilikuwa ikipoteza nguvu mfukoni. Ujira ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa tena ujira wa ustadi. Ulikuwa ujira wa kujuana. Mabomba yaliyong'olewa mahali pamoja yalifungwa mahali pengine, na fundi aliyeyafunga hakuuliza yalikotoka.

Vita vya mwaka 1979 na vile vya msituni vilivyokwisha Januari 1986 viliiacha mitambo ya maji ikiwa imechakaa. Barabara ya Bombo, inayokwenda Luwero, ilikuwa njia ya askari na ya wakimbizi. Watu wa Kawempe waliifahamu vita hiyo kwa karibu kuliko walivyotaka. Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 1984, serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa Sh 6,000 kwa mwezi. Mwezi wa Mei 1987 sarafu ilibadilishwa, Sh 100 za zamani zikawa Sh 1 mpya, na sehemu ya 30 kwa mia ikakatwa kwa kodi katika kubadilisha. Kima kile cha 1984 hakijapata kurekebishwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima cha chini, na Rais akakataa kuutia sahihi. Sh 6,000 za leo hazitoshi kununua koki moja nzuri ya shaba, sembuse kumlipa mtu wa kuifunga. Kwa hiyo fundi bomba wa Kawempe hana sakafu ya kisheria ya kusimama anapotaja bei. Husimama juu ya ulimi wake.

Maji yenyewe yaliongezeka. Kituo cha pili cha Ggaba kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, cha tatu mwaka 2007, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 kikaongezeka kile cha Katosi katika wilaya ya Mukono. Mwaka 1998 Shirika la Maji lilikuwa na wateja takriban 50,000 waliounganishwa katika miji yake yote. Miaka kumi baadaye walizidi 200,000. Katikati ya mabadiliko hayo kampuni ya Kijerumani na baadaye ya Kifaransa ziliwekwa kwa mikataba kusimamia maji ya Kampala, kuanzia 1998 hadi 2004, habari ambayo ina waandishi wake na sitaingia humo.

Kwa fundi wa Kawempe jambo kubwa zaidi lilikuwa sera mpya ya mwaka 2004. Kabla yake, mteja mpya alinunua mabomba na viungo vyote na kumlipa fundi wa kumvutia maji. Baada yake, Shirika lenyewe likachukua jukumu la kumuunganisha mteja aliye ndani ya mita 50 kutoka njia kuu, na gharama zikarudishwa polepole kupitia bei ya maji. Kwa mkazi ilikuwa neema, na mimi siwezi kuilaumu: mjane mwenye vyumba vitatu vya kupangisha aliweza sasa kupata mita. Lakini zile mita 50 ndizo zilizokuwa mkate wa fundi wa kujitegemea. Kuchimba mtaro, kulaza bomba, kuvuka njia, kufunga mita: kazi ya siku mbili au tatu yenye malipo ya kueleweka. Ilihamia kwa wafanyakazi wa Shirika na wakandarasi wake. Yeye akabakiwa na yaliyo baada ya mita.

Na yaliyo baada ya mita nayo yalibadilika. Bomba la plastiki likachukua nafasi ya chuma. Moja hugundishwa kwa gundi, jingine huyeyushwa kwa pasi ya umeme na kuunganishwa likiwa moto. Kijana mwepesi wa mikono huweza kujifunza kuunganisha katika wiki moja kile ambacho fundi wa chuma alijifunza kwa miaka. Si kwamba kazi imekuwa rahisi yote. Kuunganisha kumekuwa rahisi. Kujua maji yataendaje bado ni kugumu kama zamani: msukumo ni kiasi gani, hewa itatokea wapi, bomba la majitaka litainama kiasi gani ili maji yasiukimbie uchafu wala uchafu usiyazuie maji. Lakini mwenye nyumba haoni hayo. Anachoona ni kijana mwenye pasi ambaye bei yake ni nusu.

Ni nyumba gani hizo? Kwa sehemu kubwa ni zile safu za vyumba vya chumba kimoja kimoja ambazo Waganda huziita emizigo, na mmoja omuzigo. Mwanafunzi wa Kiswahili asidanganyike na sauti ya neno hilo, ingawa mpangaji anayelipa kodi kila mwezi anaweza kuona kwamba maana ya kwetu nayo inafaa. Safu ya emizigo minane huweza kuwa na koki moja nje, yenye kufuli. Fundi huifunga kwa nusu siku. Baada ya hapo koki ile humlipa mwenye nyumba kila siku. Shirika la Maji limekuwa likisisitiza kwamba dumu la lita 20 katika koki ya umma liuzwe kwa Sh 25. Huko vitongojini dumu limekuwa likiuzwa kwa Sh 100 na zaidi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Msimamizi wa koki ya umma anayeuza kwa Sh 100 hupata Sh 5,000 pale alipopaswa kupata Sh 1,250. Mwenye koki ya nyumbani hununua kwa bei ya juu zaidi, kwa hiyo faida yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, na inarudi kesho. Fundi halipwi kesho.

Namna anavyolipwa inastahili kuelezwa, kwa kuwa humo ndimo mafundi wengi wanapoumia. Katika nyumba mpya malipo hupatanwa kwa pointi: kila mahali maji yanapotokea au yanapoingia, sinki, bafu, choo, koki ya nje, ni pointi moja, na bei ya pointi huzidishwa kwa idadi yake. Kazi hufanywa kwa awamu mbili. Kwanza, kabla ya lipu, fundi hupasua kuta na kulaza mabomba. Kisha huondoka. Waashi hupiga lipu, wengine huweka vigae, rangi hupakwa, na ndipo yeye huitwa tena kufunga masinki na vyoo. Kati ya awamu ya kwanza na ya pili huweza kupita miezi sita, au miaka miwili. Na anaporudi, fedha za nyumba zimekwisha. Mwashi alilipwa ukuta ulipokuwa haujasimama, kwa maana bila yeye nyumba isingekuwepo. Fundi bomba anadai nyumba ikiwa imekwisha kusimama, na mwenye nyumba amekwisha kuhamia. Nimepata kuona daftari la gharama za ujenzi la mzazi mmoja wa Kawempe, mtu mwadilifu. Saruji, mchanga, mabati, kila kitu kimepigiwa mstari wa kumalizika. Mstari wa pulamba ulikuwa na neno baki pembeni yake, na baki hilo lilikuwa la mwaka juzi.

Ndiyo maana fundi hujitafutia haki yake kwa njia za pembeni. Huomba posho ya vifaa mapema. Humpeleka mteja kwenye duka fulani, na mwenye duka humkumbuka baadaye. Wakati mwingine huandika elbo 14 pale zinapohitajika 10. Hayo ni makosa, na yamewaletea mafundi wote jina baya. Hata hivyo mtu anayelipwa kwa ahadi hujifunza kujilipa kwa vitu. Mbaya zaidi ni kishawishi cha kuvuta maji yasiyopitia mita. Mwenye nyumba hutoa fedha taslimu siku hiyo hiyo, tena usiku. Yakigundulika, mwenye nyumba hulipa faini na kubaki na nyumba yake. Fundi hupoteza jina, na jina ndilo duka lake.

Hati zimesaidia kwa kiasi. Chini ya sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, fundi aliyejifunza kazini aliweza kupimwa kwa vitendo na kupewa kitambulisho cha ujuzi wake bila kuulizwa alimaliza darasa la ngapi. Hilo ni jambo jema, na lingekuwa jema zaidi kama wateja wa Kawempe wangeomba kukiona. Katika kazi kubwa, kama ujenzi wa hospitali ya Kawempe kandokando ya barabara ya Bombo katika miaka ya 2010, mkandarasi hutaka karatasi, na mwenye karatasi hupata kazi ya miezi mfululizo. Katika emizigo hutakiwa namba ya simu tu.

Sisi walimu nasi tumo. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, vitabu vinavyotumika vimejaa daktari, rubani na mwalimu. Fundi bomba akitokea, hutokea kwa picha moja, spana mkononi, bila neno moja la vitu anavyovigusa. Kijana anayetoka Bwaise kwenda kufanya kazi Juba, Nairobi au Dar es Salaam, na wengi huenda, atahitaji kujua kuomba malipo ya awali, kuandika mapatano, kutofautisha ujira wa siku na malipo ya kazi nzima, na kusema bila kutukana kwamba hajalipwa. Hayo yote ni Kiswahili, na ni Kiswahili kigumu kuliko ngeli.

Mwaka 2014 ulizinduliwa mtambo wa kusafishia majitaka wa Lubigi, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, jirani na bonde lile lile linalofurika. Magari ya kunyonya vyoo humwaga huko, na mabomba ya majitaka yamelazwa kuuelekea. Kwa fundi bomba wa Kawempe mtambo huu umefungua kazi ya namna mpya, kwa kuwa nyumba inayotaka kuunganishwa inahitaji mtu anayejua mteremko, na kijana wa pasi ya umeme haujui kwa kukisia. Kule Bwaise maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso, hata vyoo vya shimo hujengwa juu ya vidato kama vibanda vya walinzi, na kuchimba mtaro wa mita moja ni kuchimba kisima. Bomba la majitaka hulazwa humo kwa kamba na pima maji, maji yakitolewa kwa ndoo huku fundi akipima. Kazi hiyo haipatanwi kwa pointi. Hupatanwa kwa mita, na mafundi wanaoiweza wameanza kudai nusu ya malipo kabla ya jembe la kwanza.